Nikae Kibuli nitembee, au nihamie Kyaliwajjala nipande taksi?

*Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nimezaliwa kambi ya polisi Nsambya, na sasa naishi Kibuli, hapa Kampala, na mume wangu na watoto wawili, mkubwa ana miaka tisa na mdogo minne. Tumepanga vyumba viwili na jiko kwa shilingi 450,000 kwa mwezi. Shuleni kwangu ni dakika 20 kwa miguu. Mume wangu ana duka Kikuubo, mtaa wa biashara katikati ya mji, na hutembea dakika 40. Boda tunapanda siku za mvua tu, labda shilingi 40,000 kwa mwezi. Sasa amepata nyumba Kyaliwajjala, nje kidogo ya mji: vyumba vitatu, sebule, uwanja wa nyasi na geti, kwa 600,000. Taksi, yaani basi dogo la abiria, kutoka huko hadi mjini ni 3,500, mimi nitaongeza 1,500 hadi shuleni, na kutoka steji hadi nyumbani boda ni 2,000. Wakati wa jamu ni saa moja na nusu kwenda, na kurudi vivyo hivyo. Yeye anaitaka sana. Walimu wenzangu wananicheka kwamba mtu mzima na digrii yangu bado nakaa kwenye mizigo, vile vyumba vya kupanga vya mstari, na kutembea kama mwanafunzi. Mimi napenda kutembea, ila siwezi kueleza kwa nini. Je, napenda kweli, au ni mazoea tu ya umaskini? Wewe umepanga miji, nisaidie.*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na kicheko kidogo. Mimi ni mpangaji wa miji, wewe ni mpangaji wa nyumba. Kiswahili kimetuweka sote chini ya neno moja, na kwa miaka yote niliyofanya kazi hii nimegundua kwamba mara nyingi mpangaji wa nyumba ndiye anayeujua mji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu hili unayo tayari, mimi nakutafutia maneno tu.

Lakini kwanza tumpigie mume wako hesabu, maana mtu wa Kikuubo huwezi kumweleza habari za kupenda kabla hujamwonyesha daftari. Natumia nauli zako. Yeye anakwenda mjini siku 26 kwa mwezi, 7,000 kwenda na kurudi: 182,000. Wewe siku 22, 7,000 ya taksi ya mjini na 3,000 ya kutoka mjini hadi shuleni na kurudi: 220,000. Boda ya kutoka steji, tuseme mnaipanda jioni tu mkiwa mmechoka na asubuhi mnateremka kwa miguu: safari 48 kwa 2,000, ni 96,000. Jumla 498,000. Nyumba ya 600,000 basi bei yake ni 1,098,000. Ya Kibuli, pamoja na boda zenu za mvua, ni 490,000. Hapo sijahesabu ile siku wingu linapotanda na kondakta anapandisha nauli hata tone halijadondoka, wala wiki ya kufungua shule. Kodi ya nyumba unaijua mwezi mzima kabla. Nauli unaijua ukishafika mlangoni mwa taksi.

Sasa muda. Leo unatumia dakika 40 kwa siku, kwenda na kurudi. Kule utatumia saa tatu. Tofauti ni saa mbili na dakika 20, mara siku 22: saa 51 kila mwezi. Hiyo ni zaidi ya wiki nzima ya kazi, umekaa magoti yamebanwa kwenye taksi ya abiria 14 na kuku wa mtu chini ya kiti. Mwambie mume wako ajiulize angemlipa nani mshahara wa wiki nzima kwa kazi ya kukaa.

Angekuwa mtu wa hesabu tu, hapo tungemaliza. Lakini watu hawahamii Kyaliwajjala kwa sababu hawajui hesabu. Wanahamia kwa sababu ya geti, na geti lina maana yake: ni ushahidi kwamba umefika. Aliyekulia chumba kimoja na ndugu sita ana haki ya kutamani nyasi zake mwenyewe, na simcheki. Shida ni kwamba mwenye geti ana maneno ya kujisifia, nyasi, hewa, nafasi ya gari, na wewe huna. Ukisema "napita kwa mama wa maharage" haisikiki kama hoja.

Basi nikupe kipimo ninachokitumia mimi. Nakiita kipimo cha chumvi. Chukua mtoto wa miaka tisa, mpe noti ya elfu moja, mtume chumvi. Akienda peke yake na kurudi na chumvi na chenji kabla maji hayajachemka, mtaa huo umepona. Ili mtoto huyo arudi salama, mambo mengi lazima yawepo kwa pamoja: duka lililo karibu, njia isiyopitwa na magari ya kasi, watu wazima walioketi nje wanaomjua ni mtoto wa nani, na mwenye duka asiyempunja. Hakuna ofisi ya mipango inayoweza kujenga hayo yote kwa amri. Huota yenyewe pale ambapo nyumba, biashara na miguu ya watu vimeachwa vikae pamoja.

Kipimo hiki sikukipata chuoni. Nilikulia Walukuba, Jinja, kwenye nyumba za wafanyakazi zilizojengwa enzi ya ukoloni, wakati bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954, lilipokuwa likileta viwanda. Baba alikuwa kiwanda cha nguo. Kulia tulikuwa na Wajaluo, kushoto Waacholi, nyuma Wasamia, ndiyo maana Kiswahili changu kimeanzia mlangoni na si darasani. Nilitumwa chumvi na mama yangu, na nikiwa njiani nilitumwa mafuta ya taa na mama wa mwenzangu. Ukitembea mjini Jinja hata leo, kwenye Main Street, utaona maduka ya Wahindi wa zamani: duka chini, nyumba juu, na mbele veranda yenye paa. Mvua ya Jinja unaijua. Chini ya zile veranda unaweza kutoka duka hadi duka huku mji mzima unalowa na wewe shati lako kavu. Wenye maduka yale walifukuzwa 1972, majengo yakakaa miaka mingi bila rangi wala fundi, lakini umbo la mtaa lilibaki, na watu bado wanalitumia vilevile.

Juzi, baada ya kupata barua yako, nilikwenda Kibuli kwa makusudi. Nilishukia karibu na hospitali ya Waislamu, nikapanda hadi msikitini, halafu nikateremka polepole jua likizama. Watoto wa madrasa walikuwa wanatoka, kanzu zimepanda hadi magotini kwa sababu walikuwa wanakimbia. Kijana wa chapati alikuwa amesimama nyuma ya kikaango chake kipana, anapasua mayai mawili ndani ya kikombe cha plastiki, kabichi, nyanya, chumvi kidogo, anakoroga kwa uma kwa kasi ya fundi cherehani. Akamwaga, akafunika kwa chapati, akageuza, akaviringisha: roleksi. Akanifungia kwenye karatasi iliyokuwa ya mtihani wa hesabu wa mtu fulani, amepata 34. Hatua ishirini chini yake, mama wa mihogo na sigiri yake. Kisha fundi viatu, ambaye nilimwachia kiatu cha kushoto nikala roleksi nimesimama kwa mguu mmoja. Kibanda cha kutuma pesa kwa simu. Duka la dawa. Mama mmoja alikuwa anamsuka mwenzake kizingitini huku wote wawili wakitazama njia, na waliponiona nimepita mara mbili wakaniuliza kwa Kiganda kama nimepotea.

Hilo swali lao ndilo nililolifuata. Wamenisalimia na kunikagua kwa pumzi moja. Mwizi angesikia swali hilohilo na kuelewa kwamba ameonekana.

Nilihesabu shughuli nilizomaliza kabla ya adhana ya isha: chakula, kiatu, dawa ya mafua, nikamtumia mjukuu wangu pesa. Sikupanga hata moja. Utamu wa mtaa wa kutembea uko hapo hasa, mwanangu, na ndiyo maana ni vigumu kuueleza. Mtu wa gari anatoka nyumbani na orodha, kwa sababu akisahau kitu kurudi ni balaa. Wewe husahau kitunguu na maisha yanaendelea. Safari moja ya kutoka kazini imebeba soko, fundi, habari za msiba na mazoezi ya mwili. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wewe ukitembea kwa mwendo wa kuchangamka unapata 200 kwa kwenda kazini tu, na hujanunua raba wala kulipa ada ya jimu.

Kuna na lile daftari la deni. Najua unalo mahali. Mwenye duka anakukopesha sukari tarehe 25 kwa sababu anakuona ukipita asubuhi na jioni, anajua unafundisha wapi na huwezi kumkwepa. Uso wako ndio dhamana. Kule kwenye duka kubwa la kuegesha gari utakaribishwa kwa tabasamu na kiyoyozi, lakini jaribu kusema "andika, nitalipa Ijumaa."

Huko Paris, meya Anne Hidalgo aliomba kura za 2020 kwa ahadi ya mji ambao kila mtu anapata shule, kazi, daktari na mkate ndani ya dakika 15. Ni wazo zuri na limezunguka dunia nzima. Kwa mwendo wa kawaida wa kilomita tano kwa saa, dakika 15 ni kilomita moja na robo. Kwa vilima vyetu toa kidogo. Chora duara hilo ukianzia mlangoni kwako Kibuli, kisha uchore lingine Kyaliwajjala, uone kila moja limemeza nini.

Utaniuliza kwa nini Kyaliwajjala imekuwa vile, wakati watu wake si wabaya na wengi wana pesa kuliko Kibuli. Hapa ndipo kazi yangu inapoingia, na nivumilie kidogo.

Mkataba wa 1900 uligawa sehemu kubwa ya ardhi ya Buganda kwa watu binafsi kwa maili za mraba, ndiyo asili ya neno *mailo*. Kampala ikakua kama miji miwili: upande mmoja mji wa serikali ya kikoloni uliopangwa kwa rula, upande mwingine Kibuga ya Mengo chini ya kabaka, mfalme wa Buganda, na haikuunganishwa kuwa jiji moja mpaka 1968. Mjerumani Ernst May alichora mpango wa kupanua Kampala uliotoka 1947, Kololo na Naguru zimo, na ndani yake kulikuwa na wazo la mtaa wenye shule na maduka yake karibu. Ila aliuchora kwa rangi za ngozi, kila kabila la watu na kilima chake, viwanja vikubwa kwa Wazungu na nyumba ndogondogo za wafanyakazi Naguru. Jambo la ajabu ni kwamba zile ndogondogo ndizo zilizokuwa na maisha ya miguu. Zilibomolewa 2011. Kololo ipo, ina hata njia nzuri za miguu sehemu nyingi, na wanaozitumia zaidi ni walinzi na wasichana wa kazi. Ukiondoa upande wa Kisementi, jaribu kipimo cha chumvi pale uone mtoto atagonga mageti mangapi.

Nje ya hiyo mipango, ardhi ya mailo ikaendelea kukatwa. Mwenye ekari mbili anakata viwanja vya futi 50 kwa 100, anaacha njia inayotosha gari moja, anauza. Jirani yake miaka mitatu baadaye anakata vyake, na njia yake haikutani na ya mwenzake, kwa sababu hakuna aliyewaketisha pamoja. Sheria ya Mipango ya 2010 ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, lakini nyumba zilikuwa zimeshatangulia. Matokeo yake ni mtaa wa njia zinazofia ukutani. Niliwahi kupima kwa hatua mahali fulani upande huohuo wa Kira, manispaa yenye Kyaliwajjala: kutoka uwanja wa nyuma wa nyumba moja unaona paa la duka, ukirusha jiwe unalivunja dirisha lake, lakini kulifikia kwa miguu ni mwendo wa dakika 12, kuzunguka kuta tisa. Boda ikapata riziki hapo. Bodaboda ilizaliwa mpakani Busia miaka ya 1960, baiskeli za kuvusha watu kutoka mpaka hadi mpaka, na mpaka leo kazi yake ni ileile, ila mipaka imekuwa kuta za majirani.

Kisha kuna idadi ya watu. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni mita za mraba 465 hivi. Ukijenga nyumba moja yenye geti, wanakaa watu watano, na gari lao linanunua chakula mjini. Ukijenga mizigo minane kwa mstari, wanakaa watu thelathini, na wote wanataka chapati asubuhi. Yule kijana wa kikaango hakuchagua Kibuli kwa mapenzi, alifuata midomo. Penye wengi pana mengi. Wanaokucheka kwa kukaa kwenye mizigo hawajui kwamba mizigo hiyo ndiyo inayolilisha duka la dawa unaloendea usiku mtoto akipata homa.

Nisiwe mnafiki, niliwahi kuhama mimi mwenyewe. 2003 nilijenga Seeta, geti la bluu, miparachichi, kila kitu. Tuliamka saa kumi na nusu alfajiri. Wanangu walikunywa uji ndani ya gari na kumalizia usingizi kwenye msongamano wa Banda, na jioni walirudi wamelala tena, kwa hiyo nyumba ile kubwa waliiona vizuri siku za Jumapili. Majirani tuliwajua kwa rangi za mageti yao na sauti za mbwa wao. Jioni moja tulikuta hema limefungwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, viti vya plastiki vimepangwa, ndipo tukajua kwamba mzee wa pale aliugua miezi minne na amefariki. Mke wangu alisimama getini muda mrefu bila kuingia. Hakusema kitu mpaka wiki iliyofuata, akasema: "Mimi nataka kurudi mahali ambapo nikiumwa watajua." Ilichukua miaka sita mpaka tukarudi.

Basi swali lako la umaskini. Umeuliza vizuri na lazima nilijibu bila kupaka sukari. Wapo maelfu wanaoteremka kila alfajiri kutoka mabondeni kwenda eneo la viwanda kwa miguu kwa sababu nauli hawana, wanapumua moshi wa malori, wanaruka mitaro iliyoibwa mifuniko, na siku wakipata pesa ya boda wataipanda bila kuangalia nyuma. Kuwaambia hao kwamba kutembea kuna raha ni matusi. Waenda kwa miguu, pamoja na watu wa bodaboda, ndio wanaokufa zaidi kwenye barabara zetu. Serikali ina sera ya usafiri usio wa injini tangu 2012, na mjini KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, ilitengeneza sehemu ya Namirembe Road na Luwum Street kwa ajili ya miguu na baiskeli. Mume wako anaijua, iko pua na mdomo na Kikuubo. Amuulize kila mtu anayebeba mzigo kichwani tofauti ya kupita pale na kupita barabara nyingine. Lakini hicho ni kipande tu. Mimi mwenyewe niliwahi kuchora barabara yenye njia ya miguu ya mita mbili kila upande, nikaweka miti na rangi ya kijani. Ilipojengwa, upande mmoja ukawa mtaro wazi na mwingine maegesho. Mchoro bado ninao.

Ila wewe siyo huyo asiye na nauli. Umeandika mwenyewe kwamba mvua ikinyesha unapanda boda. Pesa unayo na hiari unayo, na siku ya jua unachagua miguu. Mtu anayechagua kitu kila siku huku cha pili kiko mfukoni mwake hana haja ya kuambiwa na chumba cha walimu kama anakipenda.

Mabaya ya Kibuli unayajua kuliko mimi. Kelele. Wanyakuzi wa simu na mikoba giza likiingia, hasa kwenye vile vipande visivyo na maduka, na kwa mwanamke hilo si jambo dogo. Mwenye nyumba anayepandisha kodi akisikia umepandishwa cheo. Vyumba viwili na mtoto wa miaka tisa ambaye karibuni atataka pake. Hili la mwisho ndilo lenye uzito kwangu, na hapo mume wako ana hoja ya kweli. Jibu lake ni kutafuta vyumba vitatu bila kuhama mtaa: upande wa Nsambya, Kisugu, au hapohapo juu kilimani. Kwa hizo 608,000 mnazookoa, hata mkipata ya 700,000 bado mmepata faida, na saa zenu 51 hazijaguswa.

Kabla hamjaamua, tembeeni wote wawili, Kyaliwajjala na Kibuli, kwa nyakati nne: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa saba mchana jua kali, wakati mvua inanyesha, na saa mbili usiku. Dalali atawaonyesha nyumba Jumapili saa nne asubuhi, barabara tupu, ndege wanaimba. Msikubali. Na msiende Juni 3, maana hiyo ni siku ya Mashahidi wa Namugongo, na mahujaji wanaomiminika kutoka kila upande, wengine wamekanyaga ardhi kwa siku nyingi kutoka mbali kabisa, hata Kenya, wanaujaza mtaa mzima. Siku hiyo magari yanakaa pembeni, kila kibaraza kinauza maji na mihogo, na Kyaliwajjala inakuwa mahali pa kutembea kupita popote Uganda. Mkiiona siku hiyo mtalipa kodi ya mwaka palepale.

Kama mume wako anachotaka hasa ni kitu chake mwenyewe, nunueni kiwanja, wala sina ubishi. Mtafuteni mpimaji aliyesajiliwa, hakikisheni hati, hakikisheni njia ya kufika inaonekana kwenye ramani na si kwenye maneno ya muuzaji. Pandeni miparachichi. Kuwa na ardhi mahali hakulazimishi kulala hapo leo.

Nimebakisha jambo moja, la ile barabara kubwa ya chini ambayo mtoto wako atahitaji kuivuka akianza kwenda mbali zaidi ya duka la chumvi. Mtu akigongwa na gari la kilomita 30 kwa saa mara nyingi anaishi. Kwa 50 nafasi yake inapungua vibaya. Kinachotakiwa ni tuta la kupunguza mwendo na kivuko kilichopakwa rangi, na hicho huombwa. Andikeni barua fupi, wazazi wa mtaa wenu, ukurasa mmoja, mkitaja ni mahali gani hasa na ni watoto wangapi huvuka asubuhi. Hesabuni kweli, siku tatu mfululizo, kati ya saa moja kasorobo na saa mbili. Mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, apige muhuri, mpeleke ofisi ya Makindye Division, mbaki na nakala iliyogongwa tarehe ya kupokelewa, na kila baada ya wiki mbili mmoja wenu apitie kuulizia. Wewe ni mwalimu, iandike kwa Kiingereza cha kuwaridhisha, weka na nakala ya Kiganda kwa ajili ya wazee wa mtaa. Ya Kiswahili iwe ya tatu, ipeleke kambini Nsambya kwa wale waliokujua ungali mtoto. Mmoja wao siku hizi huenda anasimamia trafiki.